Usiku 60 bila usingizi: kisa cha Michael Jackson na nusukaputi ya nyumbani

Kiswahili kinatumia jina moja kwa vitu viwili. Ukisema "dawa ya usingizi", anayekusikiliza anaweza kufikiria kidonge cha mtu aliyekosa hata lepe la usingizi, na anaweza kufikiria sindano ya kabla ya upasuaji. Kwa hii ya pili tunalo neno jingine, la zamani kidogo: nusukaputi. Aliyepigwa nusukaputi hajalala. Fahamu zimemtoka, na lazima awepo mwenzake aliyekaa kichwani anayehesabu pumzi zake mpaka arudi.

Mimi ndiye huyo anayekaa kichwani. Kutoa nusukaputi ndiyo kazi yangu, na kila anapokuja mwanafunzi mpya kwenye chumba cha upasuaji namwuliza usingizi na nusukaputi vinatofautiana nini. Wengi hujibu kwamba ni suala la kiasi: dawa kidogo unasinzia, nyingi unazima. Hapo naacha vitabu, namsimulia kisa cha Michael Jackson. Swali hilo lilijibiwa ndani ya nyumba moja ya kupanga Los Angeles, mwaka 2009, na jibu lilimgharimu uhai.

Mgonjwa na alichokitafuta

Alikuwa na miaka 50, na mbele yake kulikuwa na maonyesho 50 katika ukumbi wa O2 mjini London, yaanze Julai. Mazoezi yalikwenda hadi usiku, na mara nyingine alifika nyumbani usiku wa manane. Kila aliyewahi kupiga muziki harusini mpaka usiku mkubwa anaijua hali hiyo: mwili umechoka hoi, lakini akili imekataa kushuka jukwaani.

Tatizo lake halikuanza mwaka ule. Debbie Rowe, aliyekuwa mke wake, alieleza mahakamani mwaka 2013 kwamba hata kwenye ziara ya miaka ya 1990 kuna madaktari waliomlaza kwa propofoli, dawa ya nusukaputi ya kudungwa mshipani, aliposhindwa kulala. Kwa hiyo alijua anachokiomba. Mnamo Aprili 2009 alimwomba muuguzi Cherilyn Lee amtafutie dawa hiyo hiyo. Lee alikataa, akamwonya kwamba anaweza asiamke. Yeye alishikilia kwamba ameambiwa ni salama, mradi awepo mtu wa kumwangalia.

Katika ushahidi wa Lee kuna jambo dogo ambalo mimi nalishika kuliko mengi makubwa yaliyosemwa kortini. Usiku mmoja alikaa chumbani amtazame akilala. Na alilala, bila propofoli. Baada ya saa chache akaamka ghafla, akamlalamikia kwamba si alishamwambia, usiku mzima haumalizi.

Hebu tulifikirie hilo kwa utulivu. Huyu hakuwa mtu asiyelala. Alikuwa mtu anayelala kisha akaamka mapema na kushindwa kurudi. Kwa anayejua usiku umepangwaje, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Usingizi una hatua, nazo hupishana kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa, kila mzunguko ukichukua takriban dakika 90. Kwanza kuna mang'amung'amu, ambapo ukiitwa unaitika na kudai hukuwa umelala. Halafu usingizi mwepesi, unaochukua karibu nusu ya usiku wote. Halafu usingizi mzito, ule wa fofofo, ambao mawimbi ya umeme wa ubongo huwa makubwa na ya polepole. Unapungua kadiri umri unavyosogea, na kwa mtu wa miaka 50 hauzidi sana sehemu moja ya tano ya usiku. Mwisho ni usingizi wa ndoto: macho yanacheza chini ya kope, misuli imelegea, na ubongo unafanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho. Huu uligunduliwa na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman huko Chicago, wakauandika mwaka 1953.

Sasa, hatua hizi hazikugawanywa sawasawa. Usingizi mzito hulaliwa zaidi mwanzoni mwa usiku. Usingizi wa ndoto huanza na dakika chache tu, kisha unarefuka kila mzunguko, na sehemu yake kubwa iko kuelekea alfajiri. Anayelala saa chache za mwanzo kisha akaamka, kwa kawaida ameshapata sehemu nzuri ya usingizi mzito. Alichopoteza ni saa za mwisho, zenye ndoto nyingi. Kama alichokiona Lee ndicho kilichokuwa kikitokea usiku mwingi, basi mgonjwa huyu alihitaji kusaidiwa kuzipata saa za alfajiri. Alipewa kitu ambacho hakiwezi kuzitoa hata kidogo.

Alichopewa

Conrad Murray, daktari wa moyo, alikubaliana kulipwa dola 150,000 kwa mwezi awe daktari wake. Aliwaeleza polisi, siku mbili baada ya kifo, kwamba kwa miezi takriban miwili alikuwa akimpa propofoli karibu kila usiku: miligramu 50, ikichanganywa na lidokaini, dawa ya ganzi, ili isiwashe mshipa, kwa dripu. Kesi ilionyesha kwamba alikuwa ameagiza vichupa 255. 130 vya mililita 100 na 125 vya mililita 20. Ukizijumlisha ni lita 15 na nusu. Mimi nikisoma hesabu hiyo huwa natulia kwanza. Hicho ni kiasi cha chumba cha upasuaji, nacho kilinunuliwa kwa ajili ya kitanda kimoja.

Propofoli ni nyeupe kwa sababu imeyeyushwa katika mafuta ya soya na lesithini ya yai, ndiyo maana mgonjwa mwenyewe aliiita maziwa. Ikiingia mshipani, mtu anazima ndani ya nusu dakika hivi, na dozi moja ikiachwa peke yake huisha baada ya dakika chache. Kinachowadanganya watu ni kuamka kwake. Anayezinduka kutoka kwenye propofoli hana kichefuchefu sana, kichwa kinakaa sawa upesi, na mara nyingi anatabasamu. Nimesikia mara nyingi mno, mgonjwa yuko bado kwenye kitanda cha kusukuma, ananiuliza: "Daktari, mbona nimelala vizuri hivi?"

Hajalala. Ukitazama umeme wa ubongo wake utaona mawimbi makubwa ya polepole, na mtu mwenye haraka atasema ni usingizi mzito. Lakini mawimbi ya usingizi mzito wa kweli huja na kuondoka. Hupanda, hushuka, hupisha ndoto. Ya propofoli hukaa pale pale kwa muda wote dripu inapotiririka. Hakuna mzunguko, hakuna kujaa na kupwa. Tena aliyelala fofofo ukimtikisa ataamka, hata kwa kununa. Aliyepigwa nusukaputi unampasua tumbo na haamki. Emery Brown na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2010 iliyosomwa sana na watu wa kazi yetu, waliandika wazi kwamba hali hii iko karibu zaidi na koma inayoweza kurudishwa kuliko usingizi.

Basi kwa saa zote ambazo dripu ile ilikuwa ikitiririka, mgonjwa hakuwa akipata usingizi mwepesi, hakuwa akipata usingizi mzito wa asili, wala hakuwa akipata ndoto. Alikuwa akipata usahaulifu wa kupita kwa muda. Usiku ulikatwa kama kipande cha kitambaa, ncha mbili zikashonwa pamoja, naye akaamka akiamini kwamba ameumaliza.

Je, ni kukosa ndoto kulikomdhoofisha?

Mwaka 2013, katika kesi ambayo mama yake aliishtaki kampuni iliyokuwa ikiandaa maonyesho, mtaalamu wa usingizi Charles Czeisler wa Harvard alisema kwamba Jackson huenda ndiye binadamu pekee aliyewahi kukaa siku 60 bila usingizi wa ndoto. Akatoa mfano wa mtu anayejaza tumbo vidonge vya nyuzinyuzi badala ya chakula: njaa inaisha, mwili haupati kitu. Akataja pia panya wa maabara, ambao wakinyimwa usingizi wa ndoto hufa baada ya wiki kadhaa. Magazeti yalilibeba hilo moja kwa moja, na hadi leo linarudiwa kama jambo lililokwisha.

Mfano wa chakula naukubali kabisa. Lile la kuwa binadamu pekee silikubali, na nadhani linatupeleka pabaya. Zipo dawa za zamani za sonona, zile za kundi la feneluzini, ambazo zinaweza kuufuta karibu usingizi wote wa ndoto kwa miezi, na watu wakaendelea na maisha. Mwaka 1984 Peretz Lavie wa Israeli aliandika juu ya mtu aliyepata jeraha la kipande cha bomu kwenye shina la ubongo, ambaye usingizi wake wa ndoto ulikaribia kutoweka, lakini alisoma sheria akawa wakili. Kwa hiyo kukosa ndoto peke yake hakuui, angalau si ndani ya miezi miwili.

Isitoshe, sayansi ya propofoli yenyewe haijanyooka. Avery Tung na wenzake mwaka 2004 waliwakesha panya saa 24, kisha wakawapa propofoli kwa saa kadhaa, na panya wale walionekana kulipa deni lao la usingizi karibu sawa na wale walioachwa walale wenyewe. Lakini panya wale walipewa mara moja, wakaachwa. Haikuwa kila usiku kwa wiki nane. Na wagonjwa mahututi wanapowekewa propofoli, vipimo vinaonyesha usingizi wa ndoto ukizidi kupungua.

Ninavyoona mimi, tofauti ya kisa hiki na ya yule wakili iko hapa: wakili alipoteza hatua moja, hatua nyingine zikabaki na mzunguko wake. Jackson alipokonywa mpangilio wote. Yupo pia shahidi wa mwili. Tarehe 19 Juni alifika mazoezini akitetemeka kwa baridi na kuchanganyikiwa, kiasi kwamba mwongozaji Kenny Ortega alimfunika mablanketi, akamlisha, kisha akarudishwa nyumbani bila kufanya mazoezi. Kukosa usingizi kwa muda mrefu huharibu jinsi mwili unavyotunza joto lake, kwa hiyo dalili hiyo inaendana na maelezo ya Czeisler. Haithibitishi. Murray hakuandika faili. Kwa miezi miwili hakuna karatasi yenye mapigo, presha, wala saa alizolala. Kila tunachosema kuhusu hatua za usingizi za mtu huyu tunakisoma kwenye tabia ya dawa. Ubongo wake haukuandikwa popote.

Vidonge na sindano za usiku wa mwisho

Kwa maelezo yake mwenyewe, Murray alikuwa ameanza kumpunguzia propofoli, na usiku wa kuamkia tarehe 25 Juni alitaka kumlaza bila hiyo. Saa saba na nusu usiku alimpa kidonge cha diazepamu, miligramu 10. Saa nane, lorazepamu miligramu 2 kwa mshipa. Saa tisa, midazolamu miligramu 2. Saa kumi na moja alfajiri, lorazepamu tena. Saa moja na nusu asubuhi, midazolamu tena. Zote tatu ni za ukoo mmoja, benzodiazepini, na zote zinafanya kazi kwa kuiongezea nguvu kemikali ya ubongo iitwayo GABA, inayotuliza. Propofoli nayo hupitia mlango huo huo, ingawa kwa tundu jingine la ufunguo.

Ukoo huu ndio unaomhusu zaidi msomaji wa kawaida, kwa sababu propofoli haiuzwi dukani lakini diazepamu ipo kwenye mikoba mingi. Inafanya nini kwa hatua za usingizi? Inakuwahisha kulala, na inapunguza kuamka-amka. Inakuza usingizi mwepesi. Usingizi mzito inaupunguza, na mawimbi yake makubwa yanapungua kimo. Usingizi wa ndoto unachelewa kuanza na kupungua kiasi. Jumla ya saa inaweza kuongezeka huku ndani yake kina kikipungua. Juu ya hayo inafuta kumbukumbu: ukiamka usiku dakika tatu, asubuhi hukumbuki, na unasema nimelala kama pono. Hapo ndipo naona undugu wake na ile sindano nyeupe. Zote mbili zinaboresha habari unayojipa asubuhi kuliko zinavyoboresha usiku wenyewe.

Sisemi hazifai kabisa. Mtu aliyefiwa, aliyekesha siku nne, kidonge cha siku chache kinaweza kumwokoa. Ila faida yake ipimwe kwa kipimo chake. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2005, uliokusanya tafiti za watu wa miaka 60 na zaidi, ulikuta dawa za usingizi ziliwaongezea kwa wastani dakika 25 za kulala, na kwamba uwezekano wa kupata madhara ulizidi uwezekano wa kupata nafuu. Mzee anayeamka kwenda msalani akiwa na diazepamu mwilini, dawa inayochukua siku nzima au zaidi kufika nusu yake, ndiye tunayekuja kumpokea na nyonga iliyovunjika. Wanaotumia Piriton kama dawa ya kulala nao wajue kwamba ile hali ya kusinzia huzoeleka upesi. Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona ambayo kliniki nyingi huitoa kwa dozi ndogo, inauahirisha na kuupunguza sana usingizi wa ndoto, ndiyo maana anayeiacha ghafla hurudi akilalamikia jinamizi na ndoto kali: ubongo unadai malimbikizo yake. Kwa diazepamu ya muda mrefu kuacha ghafla ni hatari zaidi, inaweza kuleta degedege. Hupunguzwa polepole, na daktari akijua. Anthony Kales na wenzake waliliandika mwaka 1978 jambo ambalo wagonjwa wetu hulisoma vibaya: ukiacha baadhi ya dawa hizi, kukosa usingizi hurudi kwa siku kadhaa kukiwa kukali kuliko mwanzo. Mgonjwa anasema, "Umeona? Bila dawa silali." Kumbe hiyo ni kazi ya dawa ikiondoka.

Bila shaka jambo kama hilo lilikuwepo chumbani asubuhi ile. Mtu aliyezoea kuzimwa kwa nusu dakika hawezi kuutambua usingizi unaokuja taratibu; kila dakika ya kugaagaa anaihesabu kuwa kushindwa. Jua lilishachomoza, saa ya mwili ilishageuka kuelekea kuwa macho, naye kwa maelezo ya Murray akawa anayaomba maziwa yake, akisema asipolala mazoezi yatavunjika. Saa nne na dakika 40 asubuhi Murray akampa propofoli, kwa maelezo yake miligramu 25, juu ya benzodiazepini zote zile. Upande wa mashtaka ulisema ilikuwa dripu na ilikuwa nyingi zaidi. Kifaa cha kupima oksijeni kidoleni hakikuwa na mlio wa kuonya. Daktari alitoka chumbani, na rekodi zilionyesha alikuwa kwenye simu muda mrefu wa saa iliyofuata. Msaada wa dharura uliitwa saa sita na dakika 21 mchana.

Ofisi ya uchunguzi wa vifo iliandika sababu kuwa sumu kali ya propofoli, benzodiazepini zikichangia. Murray alitiwa hatiani Novemba 2011 kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa miaka minne. Katika kesi ile Nader Kamangar, daktari wa usingizi na wagonjwa mahututi, alieleza kilichopaswa kufanyika: kuuliza historia yote, kutafuta chanzo, kuangalia dawa nyingine anazotumia, kurekebisha mazoea ya kulala kabla ya kushika sindano yoyote. Ni mambo ya polepole. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliyaweka mbele ya dawa, kikipendekeza tiba ya mazungumzo na mazoea iwe ya kwanza kwa kila mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi: kitanda kiwe cha kulala tu, saa ya kuamka isibadilike, muda wa kitandani ubanwe mpaka usingizi ujibane wenyewe. Haiondoi hatua yoyote ya usingizi. Lakini inataka wiki kadhaa, na ratiba ya London ilikuwa imeshachapishwa.

Nimebakiza usiku mmoja. Tarehe 22, kwa maelezo ya Murray, propofoli ilishushwa hadi miligramu 25, pamoja na lorazepamu na midazolamu. Tarehe 23 hakumpa propofoli kabisa. Na Ortega alipotoa ushahidi alisema kwamba mazoezini tarehe 23 na 24 alimwona Michael mwingine, mchangamfu, aliye tayari kwa kazi, tofauti na yule wa mablanketi wa siku nne kabla. Huenda ilikuwa ni furaha ya kukaribia safari tu. Huenda pia, na mimi ndivyo ninavyoelekea kuamini, ubongo ulioachiwa nafasi kidogo uliikimbilia, hata chini ya benzodiazepini, ukaanza kulipa deni la ndoto. Kuhusu usiku ule wa tarehe 23 Murray aliwaambia polisi neno moja tu la kitabibu: kwamba mgonjwa alilala.